Je, wajua kwamba "hěn" ya Kichina mara nyingi si "sana"?

Daftari langu la kwanza la Kichina lilikuwa na mstari uliosema kuwa hěn (很) ni "sana", na kwa kuwa hiyo ndiyo tafsiri wanayopewa wengi wanaoanza, sikuwa na sababu ya kuushuku. Siku niliyotaka kumweleza mwalimu kwamba kaka yangu ni mrefu, lakini si mrefu wa kushangaza, niliiondoa hěn kwa uangalifu mkubwa nikasema: Wǒ gēge gāo. Mwalimu alinitazama, akangoja, kisha akauliza: "Kuliko nani?"

Swali lilikuwa la haki. Katika Kichina sanifu, kivumishi kinachosimama peke yake kama kiarifu husikika kana kwamba kinalinganisha. Tā gāo iko karibu na "yeye ndiye mrefu" kuliko "yeye ni mrefu", na msikilizaji hubaki akimsubiri huyo mfupi, kama mwenye duka aliyewekewa sukari kwenye sahani moja ya mizani huku ya pili ikining'inia tupu. Hěn huiondoa mizani mezani: Tā hěn gāo, ni mrefu, basi. Kuingiza shì, yaani "ni" yao, hakusaidii, kwa sababu Tā shì gāo ni maneno ya mtu anayekubali jambo lililobishaniwa: "Mrefu ni mrefu kweli."

Sisi wenyewe tunayo "sana" iliyochakaa namna hiyo. Anayepewa glasi ya maji husema "asante sana" bila kupima ukubwa wa shukrani yake, ingawa mfano huu una mpaka, kwani "asante" tupu haibadilishi maana ya sentensi kama ilivyobadilika yangu.

Hata hivyo, tafsiri ya daftari haikuwa uongo mtupu. Hěn ikitiwa mkazo hurudi kuwa "sana", na ajabu zaidi, hurudi pia baada ya kikanushi: Tā bù gāo ni "si mrefu", lakini Tā bù hěn gāo ni "si mrefu sana". Katika ulinganishi wa bǐ, yaani "kuliko" yao, hěn haikubaliki kabisa. Husemwa Tā bǐ wǒ gāo, "ni mrefu kuliko mimi". Anayetaka "sana" isiyo na shaka huchukua fēicháng, neno ambalo ndilo lililostahili ule mstari wa daftari langu.