Risiti za famasi zinajua mafua kabla ya hospitali

Tuseme ukweli, mtu akianza mafua haendi hospitali. Anaanza na chai ya tangawizi, kesho yake jioni akitoka job anapita famasi, hospitali ni mpaka homa igome kushuka. Hapo katikati ndo pananihusu, maana nasoma data za mauzo ya dawa, na anayesubiri ripoti za hospitali anapata habari za wiki iliyopita.

Wala si kitu kipya. Milwaukee, Marekani, mwaka 1993 kimelea kiliingia kwenye maji ya bomba wakaugua watu kama laki 4, na dawa za kuharisha zilianza kuisha madukani. Miaka 10 baadae watafiti wa Pittsburgh, hukohuko Marekani, wakakuta mauzo ya vinywaji vya chumvichumvi vya watoto (vile vya kurudisha maji mwilini) yanapanda wastani wa wiki 2.4 kabla hospitali hazijaanza kuona wagonjwa wa kifua na kuharisha. Wiki 2 si mchezo.

Ila sio kila dawa inasema ukweli. Panadol inanunuliwa kwa kichwa, malaria, hedhi, hangova, na mshahara ukiingia tu inapanda yenyewe. Azuma (antibayotiki) ndo kabisa, Bongo watu wanaimeza kwa lolote. Kwahiyo mi naangalia risiti nzima: sirapu ya kikohozi ya mtoto, paracetamol ya maji na matone ya pua, bila dawa ya mseto wala kipimo cha malaria. Risiti za hivyo zikiongezeka kwenye matawi kadhaa kwa pamoja (tawi moja inaweza kuwa ofa tu), na nimelinganisha Jumatatu na Jumatatu zenzake, hapo nanyanyua simu.

Kutabiri sasa ndo kazi. Nchi za baridi flu ina msimu wake, kwetu huku karibu na ikweta virusi vinazunguka mwaka mzima, so modeli ya Ulaya ukiileta kama ilivyo inakudanganya. Alafu kuna taharuki. Google walianza 2008 kukisia flu kwa vitu watu wanavyogugo, msimu wa 2012/13 wakakadiria zaidi ya mara mbili ya hali halisi, 2015 wakafunga. Famasi nako ni hivyohivyo, redio ikitangaza ugonjwa hata wazima wanajaza dawa ndani.

Kinachoniumiza zaidi ni maduka ya dawa muhimu vijijini, mengi bado yanaandika kwenye daftari. Inabidi nitumie oda zao za duka la jumla, na muuzaji anaagiza shelfu ikishakuwa tupu, yaani nusu ya kijiji wameshakohoa wakapona.