Je, wajua kwa nini jiwe hubeba ghorofa lakini hukatika likiwa boriti?

Chukua kipande kifupi cha chaki. Kisimamishe mezani, kisha ukibonyeze kwa kidole kutoka juu. Kinastahimili, hata ukikaza. Sasa kishike ncha zote mbili, ukikunje kidogo tu. Tak! Kimekatika, na mkono wala haujachoka.

Jiwe la kujengea lina tabia hiyo hiyo. Kipande cha graniti chenye upana wa sentimita 10 kwa 10 huweza kubebeshwa tani 100 kabla hakijasagika. Kwa hesabu hiyo, nguzo ya graniti ingepanda zaidi ya kilomita 3 ndipo uzito wake wenyewe uanze kuponda jiwe la chini kabisa. Lakini livute jiwe hilo hilo, na kwa kawaida litaachana kwa nguvu isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya ile.

Siri iko ndani yake. Jiwe limejaa nyufa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, kati ya chembe na chembe. Ukiligandamiza, nyufa zinafumba. Ukilivuta, zinafumbuka, na nguvu yote inakwenda kukusanyika kwenye ncha ya ufa mmoja. Ni kama kitambaa kilichochanika kidogo ukingoni: ukikivuta, mchano unakimbia wenyewe. Chuma hujinyumbua pale kwenye ncha na kuuzuia ufa. Jiwe halijui kunyumbuka.

Sasa lilaze jiwe juu ya mlango, liwe linta. Uzito unalipinda kidogo sana. Upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Ufa huanzia chini. Tena ukiliongeza urefu mara 2 bila kuongeza unene, uzito wake peke yake hulivuta mara 4 zaidi. Ukumbi mkuu wa hekalu la Karnak, Misri, una nguzo 134 zilizosongamana kama msitu. Fahari ilikuwepo, sikatai, lakini paa la mawe halikuwaachia wajenzi hiari.

Tao ndilo lililovunja kifungo hicho. Mawe huchongwa mfano wa kabari na kupangwa juu ya kiunzi cha mbao mpaka jiwe la mwisho liingie kileleni, kisha kiunzi hutolewa. Kila jiwe linataka kuanguka, linakwama kwa jirani zake, na yote yanabanana, hakuna linalovutwa. Pont du Gard, daraja la maji la Warumi kusini mwa Ufaransa, lina kimo cha karibu mita 49, na matao yake makubwa yamesimama tangu karne ya 1 bila chokaa kati ya mawe. Gharama yake ni kwamba tao husukuma kwenda pembeni, kwa hiyo linadai mabega mazito. Mabega yakisogea, tao linafunguka.

Hata linta iliyopasuka katikati haianguki lazima. Vipande viwili huegemeana kama walevi wawili na kuwa tao la siri, mradi kuta za pembeni zitulie.

Na zege? Ni jiwe la kumimina, lenye ugonjwa ule ule. Ndiyo maana katika boriti iliyokalia nguzo mbili, nondo kuu hulala chini, upande unaovutwa. Fundi akizipandisha juu kwa makosa, amekujengea chaki.