Kugeuza kisanamu: maana yake kwa mtengeneza diorama

Visanamu vya plastiki vya askari Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, vya skeli ya 1/35 (yaani vidogo mara 35 kuliko mtu halisi), vipo vya kila namna: wanaokula, wanaovuta sigara, wanaosukuma gari lililokwama. Sasa jaribu kumtafuta askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya Uingereza) aliyekuwa Burma mwaka 1944. Tuseme unataka diorama, yaani mandhari ndogo yenye tukio ndani yake, ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiteremka bonde la Kabaw kwenye matope ya monsuni kuelekea mto Chindwin. Gari aina ya jeep utalipata. Miti utatengeneza. Watu ndio watakaokusumbua, na hapo ndipo neno "kugeuza" linapoingia.

Kugeuza kisanamu ni kumchukua askari aliyechongwa awe mtu fulani ukamfanya mtu mwingine, kwa kukata, kuunga, kujaza na kuchonga upya. Wengine huita konvesheni. Kubadilisha rangi peke yake hakuhesabiki. Ukimpaka Mwingereza wa Normandy kahawia usoni, unabaki na Mwingereza wa Normandy mwenye uso wa kahawia. Blauzi yake ya sufu iko palepale, na helmeti yake iko palepale.

Kabla ya kisu kuna hesabu. Mtu wa sentimita 175 kwenye 1/35 ni sentimita 5 kamili. Kisanamu cha 1/32 ukikisimamisha pembeni yake, kitasomeka kama mtu wa sentimita 191: jitu, lakini majitu yapo. Cha 1/48 kitakuwa na sentimita 128, yaani mtoto wa shule aliyevaa gwanda. Kwa hiyo 1/32 na 1/35 zinaweza kuchanganywa kwa uangalifu, mmoja akiwa amekaa au ameinama, 1/48 iache. Usiuamini mwili tu, pima na silaha. Bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa na urefu wa sentimita 113, kwa hiyo kwenye 1/35 inatakiwa iwe milimita 32. Watu hutofautiana urefu. Bunduki za kiwanda hazitofautiani, na jicho la mtazamaji hulijua hilo hata kama yeye mwenyewe hajui kwamba analijua.

Vipande vyenyewe mimi huvitoa kwenye seti tatu. Waingereza wa jangwani wana mashati mepesi, ila wamevaa kaptula. Waingereza wa Ulaya wa 1944 wana suruali ndefu na vifuniko vya vifundo vya miguu. Waaustralia wana kofia pana za kitambaa, na kofia ya namna hiyo ndiyo inayokutambulisha haraka askari wa Afrika Mashariki kule Burma. Kiwiliwili natoa seti ya kwanza, miguu seti ya pili, kichwa seti ya tatu. Vifuko vya risasi na mikanda havikupi taabu, kwa sababu wote walitumia vifaa vya mtindo wa 1937.

Kata kwenye mkanda. Watu wengi hukata juu yake kidogo au chini yake kidogo, halafu wanapoteza jioni nzima kuficha kiungo. Ukipitisha msumeno mwembamba kwenye ukingo wa chini wa mkanda, mkanda wenyewe unafunika mshono. Toboa pande zote mbili, ingiza kipande cha waya wa shaba, kisha zungusha kiwiliwili kidogo kabla ya gundi kushika. Mzunguko huo mdogo ndio unaomtoa mtu kwenye gwaride na kumtia njiani. Plastiki kwa plastiki tumia gundi ya modeli, ambayo huyeyusha kingo zikashikana. Resini, ile inayomiminwa kwenye kalibu ikaganda, haiyeyuki, hiyo inataka supaglu. Ukiipiga msasa, iloweshe maji na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Mapengo hujazwa kwa udongo wa epoksi, ule wa sehemu mbili unaokandwa pamoja. Una muda wa kutosha kuuchonga kabla haujakaza, mradi ncha ya kisu iwe na maji. Mikunjo ya nguo huanzia pale kiungo kinapopinda: gotini, kwenye kiwiko, kwapani. Ukiichora kwa kubahatisha, suruali itaonekana kama gunia.

Kosa langu la kwanza halikuwa la nguo. Nilimpa askari mzigo mgongoni, nikamwacha amesimama wima kama mlingoti. Kila aliyemwona alisema "ana kasoro", hakuna aliyeweza kusema ipi. Aliyebeba mzigo huinama mbele. Aliyeegemea mguu mmoja, kishimo cha koo lake huwa juu ya mguu huo huo. Ukishusha uzi kutoka kooni ukaangukia nje kabisa ya nyayo zake, mtu huyo anaanguka.

Kichwa kinataka subira zaidi. Vichwa vya resini huuzwa peke yake kwa seti, na ni afadhali kutafuta chenye sura inayofaa kuliko kuichonga pua kwa wembe. Ngozi nyeusi haichanganywi kwa kumimina rangi nyeusi kwenye kahawia, inakufa. Anza na kahawia iliyoiva, vivuli uvisogeze kuelekea zambarau, paji la uso na mashavu kuelekea nyekundu. Viganja vipake rangi nyepesi zaidi. Hapo ndipo wengi husahau.

Kuhusu picha za kufuata unapochonga: Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, inavutia, lakini ilisimamishwa mwaka 1927 na huyo ni askari wa Vita vya Kwanza. Vazi lake si la Burma. Picha za divisheni yenyewe, zikiwemo za Kalewa ambako daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lilivushwa juu ya Chindwin Desemba 1944, zimo Imperial War Museum, London. Zitazame hasa kwa ajili ya ukingo wa kofia: upande wa kushoto uliokunjwa juu ni mtindo wa Waaustralia, na kichwa ulichokiazima kinaweza kuja nao bila kukuuliza.

Mwishoni mezani hubaki Mwaustralia asiye na kichwa na miguu miwili iliyovaa kaptula. Usitupe. Mimi wangu wako kwenye kopo la maziwa ya unga, na yule anayesukuma jeep kwenye diorama ninayoijenga sasa ametoka humo mikono yote miwili.