Uzamili wa drama kwa walimu si wa wenye kipaji cha jukwaani tu

Walimu wengi wanaamini kwamba kusomea ufundishaji kwa drama katika ngazi ya uzamili kunamfaa mwigizaji hodari tu. Imani hiyo inaeleweka: neno drama hutuletea picha ya pazia, mavazi na watazamaji.

Darasani mambo ni tofauti. Chukua mbinu iitwayo kiti cha maswali: mwanafunzi anakaa mbele kama mkulima aliyenyang'anywa shamba, wenzake wanamhoji. Hapimwi sauti wala mikogo. Ili ajibu, ni lazima awe ameielewa historia. Mwalimu naye huingia katika uhusika, pengine kama karani aliyeleta notisi, kisha anatoka katika uhusika huo na kuwauliza wanafunzi wameona nini. Kujua aingie lini na atoke lini, huo ndio ujuzi wenyewe, na ndio unaosomewa pamoja na nadharia za ujifunzaji na utafiti.

Kuthibitisha, soma sifa za kujiunga na kozi husika: wanadai usaili wa uigizaji au uzoefu wa kufundisha? Tazama pia wanavyotahini. Ukikuta tasnifu na mazoezi ya darasani, imemlenga mwalimu. Zipo kozi zinazochanganya yote mawili, uigizaji na ualimu. Hapo mwandikie mratibu umuulize uzito wa kila upande.