Je, wajua kwa nini ua la shaba haliwezi kuusafisha udongo wa Lubumbashi?

Kwenye vilima vya shaba vya Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), huota mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, unaojulikana kama ua la shaba. Hustawi pale mimea mingine inapokufa, hata wanaakiolojia waliufuata wakafukua mabaki ya tanuri za kale za shaba. Basi kwa nini usipandwe Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi uliopigwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, kisha ukavunwa na shaba ikaondoka nao?

Kwa sababu kuvumilia shaba si kuifyonza. Vipimo vingi vya zamani vilivyoonyesha shaba tele kwenye majani ya mimea hii vilipotoshwa na vumbi lililoganda juu yake. Majani yakioshwa vizuri kabla ya kupimwa, kiasi hushuka sana.

Piga hesabu. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Kila kilo ikiwa na gramu 5 za shaba, hizo ni tani 13. Ukivuna tani 5 za majani makavu yenye gramu 0.3 kwa kilo, umeondoa kilo moja na nusu. Ungehitaji mavuno zaidi ya 8,600. Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, ni habari nyingine: mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba kangaga Pteris vittata huivuta hadi majanini kwa wingi, na kazi ya miaka kadhaa huweza kuleta tofauti ya kweli.

Kwa shaba, kazi ya mmea ni kuifungia ilipo. Salfa ya moshi iliufanya udongo kuwa na asidi, na kwenye asidi shaba huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, ambazo hudumaa na kunenepa badala ya kurefuka. Ardhi hubaki kipara: kiangazi upepo hupeperusha vumbi, masika maji huisomba hadi mabondeni.

Watafiti wa Lubumbashi walijaribu nyasi za hukohuko, ukoka (Cynodon dactylon) uliojiotea kwenye udongo mchafu, na Rendlia altera na Monocymbium ceresiiforme za vilima vya shaba. Kila mita ya mraba ilitiwa mboji, kilo 4.5 au 22.5, au chokaa, kilo 0.2 au 1. Chokaa hupunguza asidi, shaba ikaacha kuyeyuka; mboji huikamata. Hapo mizizi hupata nafasi ya kushika.

Ukitaka kufanya hivyo, changanya chokaa na udongo wa juu wiki chache kabla ya mvua za Novemba. Ukiimwaga juu tu, mizizi itagonga sumu chini yake. Mvua zikishika, pasua mashina ya nyasi, panda kila sentimita 20, na usikubali mbegu za mbali: nyasi ambazo hazijazoea shaba hugeuka njano, zikafa.

Kinachoharibu kazi zaidi ni haraka. Chokaa haidumu milele, kwa hiyo pima pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) kila mwaka. Ikishuka chini ya 5.5, ongeza. Pima aseniki pia kabla ya kuanza, maana chokaa inayoifunga shaba huweza kuifungua aseniki. Mbuzi wazuiwe, na majani yasichomwe, kwa kuwa metali hazitoweki motoni, hubaki kwenye majivu na kupaa na moshi.

Na usidanganyike na kijani kibichi ukapanda mboga. Metali zote bado zimo mle mle. Lengalenga (mchicha) ukiliosha hutoka vumbi la nje, lakini kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, iliyopandia mizizini imo ndani ya jani, na hiyo haitoki kwa maji wala kwa kupikwa.