Ameacha kubeti, sasa wewe ufanyeje?

Kila wiki kuna mtu anakaa kwenye kile kiti ofisini kwangu, anavuta pumzi, halafu ananiuliza swali lilelile: "Nimlipie hili deni la mwisho tuanze upya?" Anayeuliza siyo mcheza kamari, ni mke wake au mume wake au mchumba. Mi jibu langu ni hapana, na najua linaudhi, kuna dada mmoja alichukua mkoba wake akaondoka hata sijamaliza sentensi. Alirudi baada ya miezi miwili, lile deni la mwisho lilikuwa limeshapata wadogo zake.

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wenye uraibu, na siku hizi kamari ndo imeshika sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Mambo mengi yanayosemwa ni ya yule anayebeti. Huyu anayelala naye kitanda kimoja anaambiwa "mvumilie" basi imeisha. Leo naongea na wewe unayeambiwa uvumilie.

Kwanza hili la kwamba ni ugonjwa au tabia mbaya, maana wengi mnakwama hapo na mnagombana na ndugu hapo. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiingiza kamari kwenye mwongozo wao wa magonjwa, ila waliiweka kundi moja na wale wanaoshindwa kujizuia kuiba vitu wasivyovihitaji na wale wanaochoma moto ovyo. Ilichukua mpaka 2013, toleo la tano la huo mwongozo, ndo wakaihamishia kwenye uraibu, jirani na pombe na madawa ya kulevya. Wameorodhesha dalili 9, mtu akiwa na 4 au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabika ana tatizo. Zipo unazozijua hata bila kuwa daktari: anaongeza dau ili asikie raha ileile, akijaribu kuacha anakuwa hatulii na hasira ziko karibu, anarudi kesho yake kufukuzia hela aliyoliwa, anadanganya. Ya mwisho kwenye orodha ndo ile ambayo nikiisoma watu wananiangalia: anategemea wengine wampe hela wamtoe kwenye shida aliyoingia kwa sababu ya kamari.

Yaani kukulipisha wewe deni ni dalili. Ipo kwenye orodha kabisa. Sasa ukilipa unadhani unatibu, kumbe umeingia ndani ya ugonjwa na wewe.

Nieleze kidogo kwa nini. Ukitaka kumnasa kiumbe kwenye kitu, usimpe zawadi kila mara, mpe mara mojamoja asizoweza kuzitabiri, hili mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha zamani kwa panya na njiwa, wanadonoa na kubonyeza bila kuchoka kwa sababu pengine inayofuata ndo yenyewe. Kamari imejengwa juu ya hicho kitu. Halafu kuna ile ya kukosa padogo, mkeka wa mechi kumi umechanikia kwenye mechi moja, dakika za nyongeza. Kwa akili ya kawaida umekosa, umekosa tu. Ila wanasayansi wakiangalia ubongo kwenye mashine wanakuta kukosa kwa karibu kunaamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda, ndo maana yule aliyeliwa kwa mechi moja anakuja kitandani macho yamemtoka, hana huzuni, ana mpango. Sasa mtu wa namna hiyo anadaiwa, amebanwa, hajui atokee wapi, ghafla unamlipia. Kwake hiyo ni jakpoti. Alikuwa chini, ametolewa, na kilichomtoa siyo kuacha, ni bahati. Kamari ilishamfundisha kwamba ukikaza mwisho bahati inakuja, na wewe umekuwa ushahidi.

Kwa hiyo deni linafanywaje? Linabaki la kwake, ila linatoka gizani. Mnakaa mnaliandika lote kwenye karatasi, nani anamdai, kiasi gani, lini, riba ipo au haipo, halafu yeye mwenyewe (siyo wewe!) anaenda kwa wanaomdai anaomba kulipa kidogokidogo kwa kipato chake. Inachosha na inaaibisha, ndo dawa yenyewe ilivyo chungu. Nyumba ikibidi isaidie kwa sababu mtatolewa nje na watoto, sawa, lipeni moja kwa moja kwa anayedai, hela isipite mkononi mwake hata kwa dakika tano, na mtu asiite hilo "kuanza upya".

Kuhusu hiyo karatasi nikwambie kitu. Kuna wanandoa nilikuwa nao, nitabadilisha mambo mawili matatu wasijulikane. Mume alileta orodha ya madeni manne, imeandikwa vizuri, imepigiwa mistari kwa rula. Mke akauliza, "Na lingine?" Akasema hakuna. Tukaongea mambo mengine, kama dakika kumi hivi, mke akarudi palepale kwa sauti ya chini, "Na lingine?" Mume akaangalia viatu, akataja la kaka yake. Tunakaribia kumaliza, mke ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa, hakugeuka hata, akasema, "Na lingine?" Hapo ndo likatoka la mkopo wa kwenye simu, uliochukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mke.

Sijawahi kuona ukweli wa kamari umetoka wote siku moja. Unatoka kwa awamu, na kila awamu inauma kuliko ile ya kwanza kwa sababu ulishaamini umeshafika chini. Jiandae tu. Likitoka la tano na la sita haimaanishi hajaacha, mara nyingi inamaanisha sasa anaona pa kusemea, ingawa na wewe una haki ya kukasirika siku tatu, sitakukataza.

Kabla ya kumsaidia yeye, jilinde. Usisubiri "nione kwanza kama ana nia". Fungua akaunti ya jina lako peke yako, badilisha namba za siri zote alizokuwa anazijua hata zile unazodhani amezisahau, hakikisha hakuna mkopo kwa jina lako, usiwe mdhamini wake popote, na nyaraka za nyumba au kiwanja au gari zihame zikae sehemu asiyoijua. Anaweza kununa. Mwambie ukweli, kwamba unafanya hivi ili siku akizidiwa asikute mlango wazi, na wengi waliotulia kidogo wanakubali haraka kuliko unavyodhani, wengine wanashusha pumzi kabisa mbele yangu.

Upande wake yeye kuna milango ya kufunga pia. Aombe mwenyewe kampuni alizokuwa anabetia zimfungie akaunti, asiishie kufuta aplikesheni, maana kufuta na kurudisha ni dakika moja. Zipo na programu za kuzuia tovuti za kamari, Gamban ni mojawapo, ila ziwekwe kwenye kila kifaa, ile tableti ya watoto iliyopasuka kioo nayo imo. Meseji za bonasi ajitoe zote. Ile ya "tumekukumbuka, karibu tena" huwa inaingia siku ya mshahara, sijui wanajuaje, au najua ila tuendelee.

Sasa niseme kosa langu. Nilipoanza kazi hii nilimwambia mama mmoja achukue kila kitu, kadi, simu akague kila jioni, hela ya nauli ampimie. Nikaona nimetoa ushauri wa nguvu sana. Baada ya wiki kama sita walirudi, yule mama amekonda, ananiambia anahesabu mume anakaa chooni muda gani. Akizidisha anagonga mlango. Usiku anaamka kumwangalia kama mwanga wa simu upo chini ya shuka. Na mume amegeuka mtoto, anaficha vitu ambavyo hata si vya kamari, ameficha mpaka risiti ya kinyozi! Hakuwa anabeti wakati ule, nilikuja kuthibitisha, ila ndani ya nyumba kulikuwa na mfungwa na askari jela, na askari ndo alikuwa anaumwa zaidi.

Siku hizi nafanya tofauti. Hela isimamiwe na wewe au na mtu mwingine mnayemwamini, hilo siliachi, lakini iwe kwa makubaliano, yeye akiwepo, mmeandika, na kuna tarehe ya kukaa kuangalia upya, tuseme baada ya miezi mitatu. Na taarifa za akaunti alete yeye, siku moja maalum kwa wiki, saa inayojulikana. Akileta mnaangalia, mnafunga. Siku nyingine zote sita huulizi. Najua ni ngumu kutouliza, mkono unawasha, lakini kazi ya kuonyesha ni ya kwake na ukiibeba wewe hatajifunza kuibeba. Siku asipoleta, hapo una taarifa tayari bila kugonga mlango wa choo.

Miezi ya mwanzo usishangae ukiona mtu mbaya kuliko yule aliyekuwa anabeti. Hapati usingizi, anawafokea watoto maneno makali, kila kitu hakina ladha. Ubongo umezoea moto mkubwa, sasa umepewa mshumaa. Halafu kuna kitu hakisemwi: anaomboleza. Kwa miaka alikuwa anaishi na hela ambayo haijaja, ile itakayolipa yote na kuwafunga midomo wote, na siku anaacha kwa kweli ndo anaizika hiyo hela. Wewe unaona ameacha ujinga, yeye amezika matumaini. Huhitaji kumhurumia kupita kiasi, ila ukijua hili utaacha kumuuliza "sasa unanuna nini?"

Muda mtupu ni adui mkubwa. Jumamosi mchana, mechi zinaendelea, marafiki wanatumiana mikeka kwenye grupu. Atoke kwenye hayo magrupu, na kwa muda fulani kuangalia mpira laivu kunaweza kusimama, wapo wanaorudi kuangalia bila shida baadaye na wapo wasioweza tena. Hamu ikimpanda kwa kawaida inapanda, inafika kileleni, inashuka kama haijalishwa. Kinachosaidia ni akuambie "nimeshikwa" na wewe usitoe hotuba. Tokeni nje mtembee. Ukimhutubia mara mbili, mara ya tatu hatakuambia.

Akianguka? Wengi huanguka angalau mara moja, sikufichi. Niambie ameanguka vipi. Aliyebeti jana na leo asubuhi amekuambia mwenyewe, na yule uliyemfuma baada ya wiki tano ametengeneza na taarifa feki za akaunti, hao kwangu si kesi moja hata kama hela ni ileile. Wa kwanza mnakaa mnatafuta mlango upi ulibaki wazi. Wa pili unarudi kwenye ile mipaka uliyosema mwanzo na unaifanya kweli, ndo maana nasema usiseme "nitaondoka" kama huondoki, sema kitu unachoweza kukifanya Jumatatu.

Kuna jambo moja hapa sitanii nalo. Watu wenye tatizo la kamari wana hatari kubwa ya kujiua, na siku mbaya ni zile madeni yanapogundulika, yaani hizohizo siku ambazo wewe una hasira kuliko zote. Akianza kusema mtakuwa na raha bila yeye, akigawa vitu vyake, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kujibu. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mpeleke hospitali, madeni yatasubiri. Na kama ni yeye anayekutishia wewe, anakupiga au anakunyang'anya hela, sahau yote niliyoandika hapo juu, hiyo si habari ya kusaidiana tena, tafuta usalama wako na wa watoto.

La pembeni kidogo, ila nimeshakutana nalo: kama alianza kamari ghafla ukubwani baada ya kuanzishiwa dawa za ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka mwili), mrudisheni kwa daktari wake haraka, zipo dawa za kundi hilo zinazojulikana kuleta tabia hiyo. Asiziache mwenyewe, daktari atajua la kufanya.

Na wewe je, nani anakusikiliza? Gamblers Anonymous ilianza Los Angeles mwaka 1957, wanakutana watu waliocheza kamari wanasaidiana, na pembeni yake kuna Gam-Anon kwa ajili ya wake, waume na ndugu, wana vikao na vingine ni vya mtandaoni. Ukikosa hivyo tafuta mshauri wako mwenyewe, siyo huyu wa kwake. Mnakuja hapa mnaniambia "mi niko sawa, mtibu yeye" huku mkono unatetemeka kwenye kikombe. Una ruhusa ya kuondoka pia, na aliyeacha kamari bado anaweza kuwa mtu usiyetaka kuishi naye. Sitakupangia hilo.

Wale wa karatasi ya rula bado nawaona, mara moja kwa miezi miwili sasa. Siku yao ni Jumapili jioni, watoto wakishalala, mume anaweka simu mezani imefunguliwa kwenye akaunti, anaisukuma upande wa mke. Mke ananiambia Jumapili iliyopita aliiangalia ile simu, akasema, "Leo nimechoka, tuangalie kesho," akaenda kuoga. Mume akabaki amekaa na simu yake imewaka mezani, hajui aizime au aiache. Bado wana madeni mawili.