Rejista ya Dawa Zinazodhibitiwa Si Kazi ya Ijumaa Jioni

“Tutajaza rejista Ijumaa, mradi salio lilingane na kabati.” Kauli hii imezoeleka mno kwenye wodi na famasi za Mtwara na Lindi, na ndiyo yenye madhara kuliko zote. Salio kulingana hakuthibitishi chochote ikiwa mwandishi alihesabu kabati kwanza, kisha akatunga mistari ya kufikia hesabu hiyo.

Chukua pethidini, sindano ya maumivu makali. Ampuli (kichupa cha dose moja) ni ya miligramu 100, mgonjwa kaandikiwa 50. Kabatini inatoka ampuli nzima, mwilini inaingia nusu. Anayejaza Ijumaa ataandika “1”, na salio litakaa vizuri kabisa. Zile miligramu 50 zilizobaki kwenye bomba la sindano zimekwenda wapi? Hapo ndipo wizi unapojificha, maana kuhesabu ampuli hakuwezi kuugundua. Andika pale pale: tarehe na saa, jina la mgonjwa na namba ya faili, aliyeandika dawa, kiasi kilichotoka kabatini, kilichodungwa mgonjwa, kilichomwagwa, salio jipya. Kisha saini mbili, yako na ya shahidi aliyeona kwa macho yake dawa ikimwagwa. Anayeitwa asubuhi kuja kusaini si shahidi. Umekosea? Piga mstari mmoja ili maandishi ya chini yasomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Ukipaka korekta au ukichana ukurasa, kosa la kalamu linageuka dalili ya kuficha.

Mofini ya maji, dawa ya kunywa ya maumivu makali, nayo ina yake. Kila ukipima, kidogo hubaki kwenye kuta za kipimo, hivyo chupa ya mililita 500 huenda isitoshe wagonjwa kumi wa mililita 50. Pima kilichobaki, andika tofauti na sababu yake, mkuu wa famasi asaini. Rejista isiyoonyesha hata tone la upungufu mwaka mzima ndiyo ya kutiliwa shaka.

Eti dawa iliyoisha muda inafutwa na kutupwa shimoni. Hapana: inabaki kwenye hesabu, imetengwa ndani ya kabati lile lile, hadi iteketezwe kwa utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Eti duka la dawa muhimu la Newala au Nachingwea liuze mofini mgonjwa akileta cheti cha daktari. Haliruhusiwi, cheti hakibadilishi kibali cha duka. Eti diazepamu ya kutuliza na fenobabito ya kifafa ni dawa ndogo. Zote mbili zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili.

Inayoniuma ni hii: eti usalama ni kutoweka mofini kabisa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haikukataza tiba, na mgonjwa wa saratani kijijini Tandahimba hapaswi kulia usiku kucha kwa sababu mtu fulani anaogopa kujaza daftari. Weka kabati la kufuli mbili, funguo mikononi mwa watu wawili, na mhesabu pamoja kila mnapokabidhiana zamu.